Jina Langu Juu ya Lako

Nyumbani,
29 Mei

Dada yangu mpendwa Kaarina,

Pokea salamu zangu, hata kama utazipokea kwa kununa. Habari za huko kambini, kwenye kibanda chetu cha ziwani? Goti lako linaendeleaje, na wale inzi weusi wameshaanza kukutafuna? Mimi ni mzima wa mwili. Kichwa ndicho kinachonisumbua, wala hakiniumi. Ni kwamba sijui tena ninachokiamini, na mtu wa kazi yangu akifika hapo ni kama mpishi asiyeonja chumvi. Mama hajambo, anakusalimu sana, na kila siku anauliza kwa nini hupokei simu. Nimemwambia huko ziwani hakuna mtandao. Hilo ni nusu ya kweli.

Barua hii nampa Reijo, anayekuja huko kuvua Jumamosi. Nilimwomba asiondoke mpaka akuone umeifungua, naye akaniambia, "Arvo, mimi navua samaki, sipatanishi ndugu." Lakini amekubali kuichukua.

Sikuandikii ili kujitetea. Kuna jambo nimelijua juzijuzi, na siwezi kukaa nalo peke yangu. Ila naomba uniache nianzie mbali kidogo, maana ndivyo linavyozunguka kichwani mwangu.

Unajua wimbo wangu. Kila Jumamosi asubuhi nakaa mbele ya kipaza sauti cha redio yetu ndogo nikiwalalamikia watu kuhusu nchi yao: kodi za nyumba zimeipita mishahara, kiwanda cha karatasi kimefungwa na wakubwa wake wakaondoka na vifuta jasho, jirani wa kusini anatutisha kwa ushuru na sisi tunajibu kwa kupeperusha bendera badala ya kujenga nyumba. Kisha narudi palepale, kwenye mfumo wa kura. Chama kinapata kura nne katika kila kumi, kinabeba kiti kizima, na zile sita zinamwagwa kama maji ya kuoshea vyombo. Kati ya vyama, Wekundu waliahidi kuubadilisha, wakaingia madarakani, wakasahau. Bluu hata kuahidi hawajawahi. Na Chungwa, chama chetu tangu babu yetu alipokuwa akipiga kinanda kwenye ukumbi wa wafanyakazi wahamiaji wa Kifini, wanaahidi kwa moyo mweupe kwa sababu hawajawahi kushinda nchi.

Ndipo walipotokea wale vijana wa maandamano, na mpango wao wa kuijaza karatasi ya kura majina mengi mpaka iwe ndefu kama taulo, ili nchi icheke na serikali kuu kule Ottawa ione haya. Nikatia langu, katika jimbo lilelile ulilogombea wewe kwa tiketi ya Chungwa. Nilikuambia tukiwa kwenye mvuke wa sauna, na hukukasirika. Ulinimwagia maji ukacheka, ukasema, "Utapata sifuri, mdogo wangu, na itakufaa." Redioni nikatangaza waziwazi kwamba mimi ni bango la maandamano tu, watu wasinipigie, wampigie Kaarina.

Hakuna kati yetu aliyekumbuka alfabeti. Lehtonen Arvo, Lehtonen Kaarina. Jina langu likakaa juu ya lako, katikati ya lile taulo.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Mgombea wa Bluu akakushinda kwa kura tisa. Jaji akahesabu upya, zikabaki tisa. Na mimi bango, mimi niliyeomba sifuri, nikapata thelathini na moja. Mji mzima ukaamua kwamba watu wameona jina la Lehtonen, wakatia alama, wakaenda zao. Wewe ulisema hivyohivyo kwenye ngazi za mahakama. Ulisema, "Tangu utotoni nakufuta kamasi, Arvo, na malipo yake ndiyo haya?" Ukaingia kwenye gari. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea.

Jumamosi ile nilifungua simu za wasikilizaji. Mama mmoja wa Wekundu akasema kosa ni lako, uligawanya kura, ungejitoa mapema Bluu asingepita. Bwana mmoja wa Chungwa akasema kosa ni la Wekundu, maana mgombea wao alikuwa wa tatu na hakutaka kujitoa. Halafu akapiga Reijo: "Kosa ni la Arvo. Tupe hali ya hewa." Dada, nilikubaliana na wote watatu. Miaka ishirini na kadhaa ninabishana na watu kwenye redio ile, na siku hiyo kila aliyeniambia neno niliona ana haki.

Basi Jumapili iliyopita nikaenda kumwona Mama pale nyumba ya wazee. Walikuwa mezani kama kawaida, kahawa na mkate wa iliki, na televisheni ikipiga kelele za mpira wa magongo, maana msimu huu pale hakuna habari nyingine inayopita. Hilkka Salmi, aliyetufundisha Biblia tukiwa wadogo, akanifinya shavu akaniita Mheshimiwa. Akasema kura yake ninayo mimi.

Nikamwomba radhi. Nilimweleza taratibu kwamba si kosa lake, karatasi ilikuwa ndefu, herufi ndogo, alikusudia Kaarina. Mwanamke yule akaweka kikombe chini. "Unadhani mimi kipofu? Nilikusoma vizuri. Kaarina alikuwa chini yako, nikamruka makusudi." Na meza nzima ikacheka. Mmoja akasema na mimi, mwingine na mimi pia, mwingine akasema na mume wangu nilimshika mkono akutilie alama. Hata Toivo, ambaye hajatamka neno tangu apooze, akanyanyua kidole.

Nikauliza kwa nini. Wote wakamtazama Mama.

Mama alikuwa anapaka siagi. Hakuinua uso. Alisema Kaarina ana mabango kwenye nyua za watu, ana wa kumgongea milango, picha yake imebandikwa hata kwenye basi. "Wewe ukaenda redioni kuwasihi watu wasikupigie. Mtoto gani anasema hivyo? Nikasema mwanangu haandikiwi sifuri mbele ya nchi nzima. Nikawaambia wenzangu."

Aliwaambia kweli. Siku moja kabla sanduku la kura halijaletwa pale, alizunguka chumba kwa chumba na mkongojo wake wa magurudumu, chupa ya kahawa kwenye kikapu, akiniombea kura kwa huruma. Nimeshiriki kampeni tangu nikiwa kijana, na sijaona iliyopangwa vizuri kama ile. Hakuna aliyechanganya majina, Dada. Hakuna aliyeponyokwa na kalamu. Kila mmoja wao alijua anachofanya, na alikifanya kwa upendo.

Hapa ndipo ninapopotea kabisa. Wale wazee ndio waliokuwa wakikusimulia wanavyoruka vidonge ili vifike mwisho wa mwezi. Ndio uliowapigania dawa za bure. Uliwauguza miaka yote, wengine uliwafumba macho waume zao walipokufa. Nao walidhani una kura za kutosha, kama walivyodhani daima kwamba una nguvu za kutosha. Mchelea mwana kulia hulia yeye, wanasema. Mama alichelea nisilie mimi, na aliyelia ni wewe.

Sasa nikuungamie mawili, na ya kwanza ni ya aibu. Waliponyanyua mikono pale mezani, kabla sijakumbuka zile tisa, kabla sijakukumbuka wewe, nilifurahi. Nilifurahi kama mtoto. Nilitaka kuwahesabu.

La pili ni hili. Mama alinigeukia akaniuliza kama ulishindwa kwa kura nyingi. Macho yake hayasomi tena gazeti, na masikio unayajua. Hakuwa amesikia kwamba ni tisa tu. Na mimi, Dada, ninayepiga kelele kila Jumamosi kwamba kura zihesabiwe moja moja na wananchi waambiwe ukweli, nilimtazama mama yangu machoni nikasema, "Nyingi, Mama. Hata mngempa zenu zote zisingefika."

Akashusha pumzi. Akasema afadhali, alikuwa na wasiwasi. Akanikatia kipande kikubwa cha mkate. Hilkka alinitazama, na nadhani yeye anajua, lakini alimimina kahawa tu.

Kwa hiyo ombi langu ndilo hili, na sina haki ya kuliomba. Nikasirikie mimi. Mjini endelea kusema ni jina langu lililokuponza, maana bila jina langu pale wasingekuwa na pa kuweka huruma yao. Redioni nitasema hivyohivyo, na Reijo atacheka. Lakini ukirudi, ukakaa kwenye meza ile, na Mama akakuuliza, mwambie zilikuwa nyingi. Kama huwezi, nitaelewa. Kiti kilikuwa chako. Mimi sijui tena kura ya haki ni ipi, na Jumamosi ijayo huenda nikasoma hali ya hewa tu.

Nakuachia salamu za wote wa pale mezani. Reijo anakuletea mkate wa iliki na soksi za sufu alizofuma Mama, moja ndefu kuliko nyingine. Mama alinishika mkono nikiwa naaga, akanituma nikuambie usivunjike moyo. Anasema safari hii ilikuwa zamu ya Arvo. Uchaguzi ujao ni zamu yako, na wenzake wote ameshawaambia. Ana miaka tisini na moja.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuwa juu yako kwa alfabeti tu,

Arvo