Jozi Tano za Ndara Mlangoni Pangu

Mpendwa Bi Barka, naomba unisaidie kabla sijaachwa, maana mchumba wangu Chelangat, mwalimu kule Amu, amenipa hadi Jumapili nijieleze, na kila nikijieleza naharibu zaidi. Mimi ni mtu wa Bungoma, nimepanga chumba hapa Shela, na kwa wema wangu niliwatengenezea kina mama wa kikundi cha kupaka hina programu ya kuandika miadi ya mabibi harusi, nikaiweka kwenye kompyuta yangu ndani ya kontena, yaani kasha la programu lenye kila kitu inachohitaji, nia yangu kila mama aifungue kwa simu yake kupitia waifai, lakini kwangu inafunguka vizuri na kwao inakataa kabisa, basi nikawaambia kwa sasa njooni muangalie kwangu, nao wakaja, kila siku baada ya alasiri, wanavua ndara mlangoni, na kwa kuwa jua linapiga kwenye skrini nikawa nashusha pazia. Mwenye nyumba, Bwana Abdulqadir, akaniambia, "Kijana, nyumba hini ni ya heshima, mimi mwenyewe wageni huwapokea barazani, na kwa ndara hizi watu hawapati ndia ya kupita." Jumamosi iliyopita Chelangat akaja bila kuniarifu, akahesabu jozi tano, akasikia kicheko cha Bi Nusra, mmoja wa kina mama hao, nyuma ya pazia, na mimi kwa hofu nikasema, "Mpenzi, ni poti tu haijafunguliwa," yaani namba ambayo programu hupitia kama mlango, naye akajibu, "Sawa, we endelea kuifungua," akapanda boti akarudi. Nampenda sana, Bi Barka. Nifanye nini?

Hillary, Shela

Hillary, nilikuhurumia mpaka nikafika kwenye pazia. Kwani meza ya kompyuta haigeuki, jua lisiipige skrini? Bwana Abdulqadir mwenyewe, na nyumba ni yake, wageni huwapokea barazani, na wewe mpangaji unawaingiza wake za watu chumbani.

Mume wangu ni fundi wa mitambo ya kompyuta, kwa hiyo ugonjwa wako naujua. Nadhani ulipowasha kontena uliandika 127.0.0.1:8080:8080, yaani umeiambia kompyuta isimjibu mtu ila yenyewe. Lizime, uliondoe, uliwashe upya kwa -p 8080:8080. Hakikisha programu mle ndani inasikiliza 0.0.0.0, yaani kila anayebisha, la sivyo utafungua mlango wa nje na wa ndani ubaki na komeo. Tena kina mama wasiandike localhost, yaani "mashine hii hii", kwa sababu kwenye simu ya Bi Nusra hiyo ni simu ya Bi Nusra. Wape anwani ya kompyuta yako kwenye waifai hiyo, ikifuatwa na :8080. Ikikataa bado, kompyuta yako inaizuia namba hiyo, iruhusu. Na programu iishie kwenye waifai ya nyumbani, isitoke mtandaoni. Mabibi harusi hawakukupa majina yao yasomwe na dunia nzima.

Waifai bila shaka inafika barazani, basi kina mama wakae huko na simu zao, na ndara zao miguuni.

Jumapili mwite Chelangat, umketishe hapo hapo barazani, Bwana Abdulqadir akiwapo na Bi Nusra akiwapo. Mpe anwani aiandike mwenyewe kwa simu yake, halafu nyamaza, kuongea hukujui. Atakuuliza kwa nini hukufanya hivyo tangu mwanzo. Hapo usijitetee, omba msamaha.

Ila kabla hajafika, ingiza miadi moja zaidi. Ukurasa ukifunguka, jina la kwanza kwenye orodha ya mabibi harusi liwe lake. Tarehe muachie aijaze mwenyewe.