Ukurasa wa Tatu na wa Nne

Jumatatu, 13 Oktoba

Leo ni kukunja tu. Kukunja, kutia kwenye bahasha, kuandika majina. Gazeti la wanafunzi limetoka: Theluji, kurasa nane, makopi mia tatu. Miaka kumi na moja niko Ofisi ya Uhusiano, na kazi hii mgongo wangu umeshaizoea.

Wafadhili wetu si wazungu. Ni wakulima wa kahawa wa Kyarumba, wafanyabiashara wa Bwera, Wakongo wa Mpondwe wenye maduka ya magodoro. Barua pepe hawataki. Wanataka gazeti mkononi, na wanataka niwapelekee mimi, Thembo, waniulize chuo kinaendeleaje huku wananimiminia chai.

Saa nne Katibu wa Chuo ameingia bila hodi. Amesoma ukurasa wa tatu. Biira, mhariri, binti wa mwaka wa mwisho, ameandika kwamba ghorofa ya chini ya bweni la wasichana imekodishwa kwa mainjinia wa barabara, na wasichana wamesukumwa juu, sita sita kwa chumba. Ni kweli. Kila asubuhi naona buti za wanaume zimeanikwa madirishani.

Katibu kasema, "Thembo, hiyo karatasi itoke. Wafadhili wasiione." Akaweka pakiti ya nyembe mezani kwangu. Alikuja nayo mfukoni. Yaani alipitia dukani kwanza! Alikaa akafikiri, akanunua nyembe, akaja.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimekata siku nzima. Rula, wembe, karibu na mkunjo ili isijulikane. Nakala zote. Kidole gumba kimechanika.

Sijui ukurasa wa tatu nimeusoma mara ngapi. Kila mara ulikuwa kweli. Binti ameandika vizuri, bila matusi, ametaja hadi namba za vyumba. Mimi ningetukana.

Nasikia kinyaa. Nina kazi, nina watoto watatu shuleni, nina kinyaa. Vyote vimekaa pamoja vizuri tu, kama watu wa nyumba moja.

Nilizozikata niliambiwa nizichome. Shimo la taka limejaa maji ya mvua. Nimezitia kwenye boksi, nikalisukuma chini ya meza.

Haya naandika kwa Kiswahili cha mama yangu wa Butembo, Kongo, kwa sababu wenzangu ofisini hapa Uganda hawawezi kukisoma. Ushujaa wangu mwisho wake ni hapa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimepeleka. Kyarumba asubuhi, miguu inauma kwa vile vilima. Wazee wamepokea, wameshukuru. Mmoja aliifuta mikono kwenye suruali kabla ya kushika bahasha. Nilitazama pembeni.

Mchana Bwera, kwa Mama Kabugho, mnunuzi wa kahawa. Bweni ni lake. Mwanawe Ithungu alisoma kwetu, akafa mwaka wa pili, homa ya siku tatu tu. Wakati ule chuo hakikuwa na bweni, mtoto alikuwa amepanga kibanda kando ya mto Nyamwamba, kimejaa unyevu. Mama akauza gari lake la kubebea kahawa, akajenga, ili watoto wa watu wapate pa kulala pakavu. Jina la mtoto likaandikwa ukutani: Bweni la Ithungu.

Kila mwaka siku ya kumbukumbu yake, Theluji hutoa picha ya Ithungu na maneno ya mama yake. Baada ya sala gazeti hufunguliwa mbele ya watu, maneno yakasomwa. Kwa hiyo leo bahasha hakuifungua. Ni ya Jumamosi.

"Ukuje, mwanangu. Usikose."

Nimekubali. Chakula cha kwake ni kizuri. Hayo ndiyo niliyowaza. Chakula.

Jumamosi, 18 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Watu walikuwa wengi, uani pamejaa mikeka. Sala imekwisha vizuri. Mama akaleta bahasha imefungwa kwa kitambaa cheupe, akampa katekista. Katekista akavaa miwani, akafungua. Kila mwaka picha huwa ukurasa wa mwisho. Ukurasa wa mwisho palikuwa na matokeo ya mpira.

Akarudi mwanzo. Moja. Mbili. Tano.

"Ngojeni," akasema. Akalamba kidole, akarudi tena. Moja, mbili, tano. Akasugua karatasi akidhani zimegandana. Watu wakaanza kuangaliana. Hapo ndipo nilipoelewa. Wanafunzi mwaka huu walimpa Ithungu ukurasa mzima, ndani, kwa heshima. Ukurasa wa nne. Mgongoni mwa ule wa tatu.

Mimi sikugeuza. Mia tatu, na sikugeuza hata moja!

Mama alilichukua gazeti mwenyewe. Hasomi sana, lakini vidole vya mnunuzi wa kahawa havidanganywi. Akapapasa penye mkunjo, akalipata lile shina lililobaki baada ya wembe.

"Hii imekatwa," akasema. "Mutoto yangu iko wapi?"

Mimi nilikuwa nimekaa mkeka wa mbele, mgeni wa heshima kutoka chuoni, sahani ya ugali wa bundu na mboga ya sombe magotini. Nikasema nitaulizia. Ndivyo nilivyosema: nitaulizia.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimelitoa boksi chini ya meza. Nimegeuza karatasi ya juu. Ithungu anacheka, shingo imepinda kidogo, kana kwamba mpiga picha amesema jambo la kipumbavu. Nimegeuza ya pili. Nimeacha.

Katibu amepigiwa simu na Bwera tangu alfajiri. Nilidhani ataogopa. Wapi! Amenikalisha kwenye kompyuta akanisomea barua ya kuwaomba radhi wafadhili. Kwamba chuo kimehuzunika. Kwamba uchunguzi umeonyesha ni wanafunzi waliolichana gazeti kwa utovu wa nidhamu, wakiongozwa na mhariri wao. Kwamba mhariri huyo ataitwa Ijumaa mbele ya kamati, na adhabu yake ni kufukuzwa.

Nimeichapa. Nikamsahihishia hata koma. Alisema asante, akanipiga begani. Nimeosha bega hilo kwa sabuni, na siyo utani.

Jumatano, 22 Oktoba

Barua imemwagia moto petroli. Wazee wa Kyarumba wamezuia mbao walizotuahidi za paa la bweni jipya la wasichana linalojengwa. Wakongo wa Mpondwe wametuma ujumbe: magodoro hayaji, kwanza waelezwe. Hawajui habari ya mainjinia, hawajui chochote. Wanajua tu kwamba picha ya marehemu imechezewa, na kwa watu wetu hiyo inatosha kabisa.

Katibu anazunguka koridoni akisema watu wa vijijini wana hasira za ushirikina. Ptuu.

Biira amekuja ofisini. Msichana mwembamba wa Nyakiyumbu, wa kwanza kwao kufika chuo, mitihani ya mwisho imebaki wiki chache. Alibisha, akapiga goti kunisalimia.

"Mzee, makopi yalipotoka kwa mchapaji mimi mwenyewe niliyahesabu, yalikuwa mazima. Nikayaleta hapa kwako. Labda wewe uliona mutu ameingia?"

Nilimwambia nitafikiri. Akashukuru! Akainama tena akashukuru, akaenda. Hakunishuku hata kidogo. Angenishuku ningepumua.

Ijumaa, 24 Oktoba

Sikulala vizuri. Sikupanga kwenda. Saa tatu miguu ilinipeleka, boksi kichwani.

Kamati ya watu saba, chupa za maji, Katibu katikati. Biira amesimama, hakupewa kiti. Walikuwa wakimuuliza kwa nini anawachukia wafadhili. Nikaweka boksi mezani, juu ya mafaili yao. Nikasema kurasa ziko hapa, zote, zimekatwa kwa rula, wanafunzi hawana habari. Nikasema Katibu aliamuru Jumatatu saa nne, akaleta nyembe mwenyewe.

Katibu akacheka. Akasema Thembo amechoka, apewe likizo. Lakini mwalimu mmoja wa Sheria, mama mzee anayesinzia kila mkutano, alishachukua karatasi akaanza kusoma ukurasa wa tatu kwa sauti. Namba za vyumba. Zote. Hakuna aliyemzuia, nadhani kwa mshangao.

Biira hakufukuzwa. "Onyo." Onyo la nini, hawakusema. Theluji limefungwa "mpaka itakapotangazwa". Katibu bado ni Katibu. Mimi nimehamishiwa stoo ya viti.

Hakuna aliyeuliza aliyekata ni nani. Nilingoja waulize. Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Hawakuuliza, nami nikalimeza, nikatoka nje, wanafunzi wakanipigia makofi.



Jumanne, 28 Oktoba

Mama Kabugho amekuja. Biira alikwenda Bwera Jumapili akamsomea karatasi nzima, mbele na nyuma.

Getini afande alimfokea, "Simama! Kibali iko wapi?" Mama hakumtazama. Alipita na fundi wake mwashi, na nyuma yao wazee wanne wa Kyarumba na Mukongo mmoja wa magodoro. Afande akabaki akishika kofia.

Aliingia ghorofa ya chini ya bweni. Nilikuwa nimesimama mlangoni na viti vyangu. Mashati ya wanaume juu ya vitanda alivyonunua. Kopo la bia dirishani. Injinia mmoja alikuwa amelala na soksi. Mama alisimama katikati ya chumba, mkoba umebanwa kwapani, akatazama polepole, kila kona. Kisha akapanda juu. Magodoro mawili yameunganishwa, wasichana wanne juu yake. Alikaa kwao kidogo. Akashuka, akatoka nje.

Katibu alimkimbilia, ooh Mama, karibu ofisini, kuna soda. Mama akamwambia fundi, "Toa."

Fundi akapanda ngazi, akaanza na patasi. Jina la Ithungu likadondoka herufi kwa herufi, vumbi la saruji likiwaingia watu machoni. Wasichana walikuwa wanachungulia juu wakilia. Mama hakulia. Aliokota vipande akavitia kwenye mkoba. Mbao hazitakuja tena, wazee wamesema pale pale. Mukongo naye amesema magodoro atawapelekea masista.

Mainjinia wameondoka jioni hiyo hiyo, kwa aibu au kwa kuogopa. Vyumba vimefungwa kufuli. Wasichana bado sita sita. Mmoja aliniambia, bila ubaya wowote, "Mzee, mumetutetea, sasa paa hatuna." Nikaendelea kubeba viti. Nachukia mahali hapa. Nachukia hata harufu ya rangi yake.

Jumamosi, 1 Novemba

Dereva wa Bwera ameniletea mfuko wa kahawa kutoka kwa Mama Kabugho. Imekaangwa, nzuri, nyumba nzima inanukia. Ujumbe: chuoni pale ameona mtu mmoja tu, na ni mimi. Ananiombea.

Mke wangu ameipika. Nimesema tumbo linaniuma.

Jumapili, 2 Novemba

Misa ya marehemu wote, Bwera. Jina la Ithungu limesomwa pamoja na mengine mengi.

Baadaye nimekwenda nyumbani kwa Mama Kabugho. Alikuwa barazani anachambua kahawa kwenye ungo. Akafurahi kuniona, akataka kuinuka. Nikamwomba akae.

Nilisema, "Mama, mkono uliokata zile kurasa ni wangu. Zote."

Vidole vikasimama juu ya ungo. Kisha vikaendelea, nzuri huku, mbovu huku.

"Ulipokata, sura yake uliiona?"

"Hapana, Mama. Sikugeuza."

"Na ungegeuza, ungeacha?"

Nilitaka kusema ndiyo. Alikuwa ananitazama, na ndiyo ingempa raha, ingenipa raha na mimi. Nikafikiri juu ya Katibu mlangoni, ada za watoto, Jumanne ile.

"Ningekata, Mama. Niliogopa kazi."

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa bei. Akaendelea kuchambua. Akasema niwahi gari, mvua inakuja. Hakunipa mkono.

Nimefika nyumbani Kasese saa kumi. Mvua haikunyesha.