Nyota Moja kwa Daktari wa Mkono wa Kushoto

Shangazi Dufie, shikamoo, mwanao nimekwama, na ukitaka kunisuta nisute lakini usininyamazie, maana hili sijamwambia hata mume wangu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Bantama, nina miaka arobaini na mitatu, nashona kaba, yale magauni yetu ya harusi na ya msiba, na mambo yalianza mwaka jana mwezi wa tano nilipoumwa kichwa siku nyingi nikaenda kliniki ya macho ya jirani, nikapokewa na daktari mwanamke anaitwa Ntiamoah, mrefu, si mwongeaji, akanipima jicho kwa kifaa kinachopuliza upepo, akaniweka mbele ya sanduku lenye vitaa vidogo nibonyeze kila nikikiona kimoja, halafu akaniambia nina presha ya macho, kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi ila kilichobaki kinaweza kulindwa, na kwamba nitatia matone kila jioni maisha yangu yote. Maisha yangu yote, Shangazi! Na nikiwa bado nahangaika kulimeza hilo, akanikabidhi karatasi ya dawa kwa mkono wa kushoto.

Ingekuwa mara moja ningesema amepitiwa, lakini karatasi kwa kushoto, chupa ya dawa kwa kushoto, hata kope zangu alizifunua kwa kushoto, na mimi nimelelewa na bibi aliyenichapa vidole nikimpa hata chumvi kwa mkono huo, kwa hiyo nilitoka pale bila kuaga, nikamsimulia dada yangu Pokuaa, naye akawaka kuliko mimi.

"Kwani wewe mbuzi, wa kutupiwa vitu kwa kushoto?" akasema. "Lete simu. Tumtafute tuone wenzio wanasemaje."

Tukamkuta na nyota mbili na nusu, mmoja kaandika hana adabu ananyoosha kushoto, mwingine kaandika kwamba ametia dawa yake mwaka mzima na haoni vizuri zaidi ya mwanzo, mwingine kaandika tu kwamba hacheki, nami hasira zikiwa bado za moto nikampa nyota moja nikaandika, "Kama mama yake alishindwa kumfunza adabu, chuo kilimfunza nini?" Watu thelathini na wanne wakabonyeza kuonyesha wamependezwa, na sitakudanganya Shangazi, nilijiona mtu. Matone niliyatia miezi miwili, sikuona tofauti, nikaacha.

Baadaye Pokuaa akanipeleka kwa Daktari Sarfo-Adu kule Adum, huyo ana nyota tano za watu zaidi ya mia tisa, ndiye aliyemtoa mtoto wa jicho mama mkwe wa Pokuaa, bandeji ikafunguliwa kesho yake na neno la kwanza la yule mama lilikuwa, "Pokuaa, kumbe umenenepa hivi?" Kwake tulikuta watu kama hamsini, tukapewa soda, na zamu yangu ilipofika daktari akasimama akanipokea kwa mikono miwili, "Karibu mama yangu mzuri," nikayeyuka, akaniuliza kama nimewahi kuambiwa nina ugonjwa wowote wa macho, na hapa ndipo naona haya Shangazi, nilimwambia hapana, nilitaka nione kama ataugundua mwenyewe. Akanisomesha herufi za ukutani nikazisoma hadi mstari wa mwisho, akacheka, akaniandikia miwani ya kusomea, na kabla sijafika getini nilikuwa nimeshampa nyota zake tano, na nyumbani uzi nilikuwa natunga kwa mara moja tu, kwa hiyo nikasema yule wa kushoto alikuwa mwongo.

Mwezi uliopita tukawa na msiba wa shangazi wa mume wangu, nikaenda na nguo zangu nyekundu na nyeusi, nikaanza kuwasalimu wafiwa kama kawaida, kuanzia kulia, mkono kwa mkono, kiti kwa kiti, na nilipofika mwisho wa mstari, kugeuka namwona mume wangu Amponsah amenitolea macho.

"Mjomba amekukosea nini?" akaninong'oneza.

"Mjomba yupi?"

"Usinifanyie hivyo mbele ya watu. Amekunyooshea mkono, umempita kama umepita nguzo."

Shangazi, Mzee Boadi ndiye mkubwa wa ukoo wao, na nilikuwa nimempita kweli, mkono wake ukiwa hewani na msiba mzima unatazama, na wallahi sikuuona, sikumwona yeye wala kiti chake. Ilibidi wiki iliyofuata tupeleke chupa ya pombe kali kuomba radhi, na mzee akaipokea akisema, "Siku hizi wake zetu wana fedha za cherehani, hawatuoni," watu wakacheka, nami nikacheka nao, na moyoni nikajua ni macho, maana hata bega langu lina alama za kugonga fremu ya mlango wa dukani niliopita miaka kumi na tano bila kuugusa. Siku hiyo nikajifungia dukani nikaziba jicho la kulia, na kwa la kushoto nikaona sindano vizuri kabisa, lakini meza iliyoshika sindano haikuwepo.

Nikafungua simu kumtafuta yule daktari, nikakuta chini ya maneno yangu ameandika tangu mwaka jana, "Samahani kwa mkono wangu. Tafadhali rudi, hata ukiwa bado umekasirika." Nimelia sana. Pokuaa anasema nyota za watu mia tisa haziwezi kudanganya, nisubiri nafasi kwa Sarfo-Adu ambayo ni baada ya wiki sita, na mimi nasikia aibu kumtazama yule mwanamke usoni. Je, nyota ni za kweli au si za kweli, na nifanye nini na haya macho?

Ni mimi, Mpita Mkono wa Mzee, Bantama.

SHANGAZI DUFIE ANAJIBU

Mpita Mkono, pole. Nakupa pole hiyo moja uishike vizuri, maana inayofuata si pole.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umekwenda kuyaficha mbele ya daktari, tena ukalipia. Daktari si mganga wa kumpima uone kama atabashiri! Amekuuliza swali, umemjibu uongo, kisha umempa nyota tano kwa kukubali uongo wako. Naye Sarfo-Adu sitamwacha apite. Presha ya macho hula pembeni kwanza na kuacha katikati, ndiyo maana herufi zake ulizisoma na mkono wa mzee hukuuona. Kuipima ni dakika chache, na mtu wa miaka arobaini na kitu hupimwa hata akikana. Lakini alikuwa na watu hamsini mlangoni. Nyota zilimletea foleni, na foleni ikala dakika zako.

Unauliza kama nyota ni za kweli. Ni za kweli, mwanangu, ila soma vizuri zinasema nini. Mama mkwe wa dada yako aliingia haoni akatoka anaona. Nani asingetoa nyota tano? Mtoto wa jicho ukitolewa, dunia inarudi kesho yake, hata unene wa Pokuaa unarudi. Lakini mwenye presha ya macho anaingia na macho yake na anatoka na macho yale yale, pamoja na chupa ya kutia hadi uzee. Akitibiwa vizuri sana, baada ya miaka kumi hakuna kilichotokea. Basi niambie, nani hufungua simu akaandika, "Asante daktari, mwaka huu tena sijapofuka"? Yule aliyelalamika kwamba haoni vizuri zaidi ya mwanzo alikuwa anamsifu daktari bila kujijua.

Sikwambii usisome maoni. Mimi huyasoma. Yatakwambia kama kliniki inafunguliwa kwa wakati, kama karani wa mapokezi anatukana wagonjwa, kama simu hupokelewa. Wakija watu wengi wakasema daktari fulani hawasikilizi au hawaelezi dawa, hilo nalo ni jambo la kuogopa. Lakini jiulize: wewe daktari wako alikueleza? Alikueleza. Kilichopotea hakirudi, kilichobaki kinalindwa, tia kila jioni. Umeyaandika mwenyewe kwenye barua yako, neno kwa neno, baada ya mwaka mzima. Daktari asiyeeleza hakumbukwi hivyo.

Na mkono wake. Nami ni Mwashanti, bibi yangu pia alikuwa na fimbo. Najua unavyochoma. Ila huyo mwanamke anashika macho ya watu, na Mungu alimpa mkono mmoja usiotetemeka, ukawa huo. Ulitaka akufunue jicho kwa ule mwingine ili bibi afurahi? Wewe Mzee Boadi amekuona jeuri kwa sababu ya jicho lako, na ukaumia kwa kuhukumiwa hivyo. Hapo huhitaji mimi nikufafanulie.

Sasa sikiliza, na usiruke hata moja. Wiki sita hazipo. Kesho asubuhi, duka lifungwe, bibi harusi asubiri gauni lake, uende kwa Ntiamoah. Mwambie ukweli wote: siku uliyoacha matone, miwani, bega, meza uliyoipoteza. Radhi utamwomba kwa sentensi moja, si kwa hotuba, kwa sababu hakukuandikia urudi kuomba radhi, alikuandikia urudi. Matone yakikuwasha au yakikushinda, mwambie, zipo dawa nyingine na upo upasuaji, lakini usiache kimyakimya tena. Ile nyota moja utaifuta, na siku ukiwa tayari utaandika kilichotokea.

Leo hii, kabla hujalala, mwambie Amponsah. Yeye ndiye wa kwenda kumwambia mjomba wake kwamba hukumdharau, na nakuhakikishia mzee atajuta maneno yake kuliko ulivyojuta wewe chupa yake. Na huyo Pokuaa mshike mkono, wowote ule, uende naye. Mmezaliwa tumbo moja, na ugonjwa huu hupita kwenye damu bila kupiga hodi. Akibisha mwambie nyota mia tisa hazijampima hata jicho moja.

Aibu umenieleza, lakini nimeona unaogopa giza kuliko aibu, na hukuthubutu kuliandika. Basi nami nikwambie jambo ambalo wasomaji wangu hawalijui. Nina presha ya macho mwaka wa kumi na tisa sasa. Jicho la kulia liliharibika kabla sijapata akili, la kushoto natia matone kila jioni baada ya chakula, na daktari wangu ni mkali, hachekei mtu, sijui ana nyota ngapi. Barua yako ni kurasa nne, umeandika kwa mkono, herufi ndogo kama unabania karatasi. Sikusomewa na mtu. Nimeisoma mwenyewe.