Jina Moja la Kila Kitu

Garsen, 4 Februari 1956

Kwa ndugu yangu Komora,

Salamu zikukute huko Mombasa ukiwa mzima. Mimi mzima, Mama siye. Siku ya Jumanne alianguka shambani kwake Hewani, mkono wa kulia ukalala. Nimemleta kwangu, hapa kwenye hoteli yangu ya chai karibu na kivuko. Maneno yake yote yamekwenda, ya Kipokomo na ya Kiswahili. Limebaki moja: "Komora." Mimi ndiye nimwoshaye na kumlisha, na mimi ndiye niitwaye Komora. Jirani yangu Tamar anacheka: "Mwanaarusi, ulikosea kuzaliwa mwanamke!" Wewe miaka sita hujakanyaga hapa.

Ni mimi dada yako,
Mwanaarusi

Mombasa, 2 Machi 1956

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Pole kwa kuuguza. Barua yako nimeisoma hadi imechanika kwenye mkunjo. Mama ananiita! Huku bandarini hakuna alijuaye jina langu. Asubuhi msimamizi akiita "Mia tatu kumi na nane!", ndiye mimi. Nimeomba ruhusa, nimenyimwa. Nitakuja hivyo hivyo, kazi na iende. Akiita, mwambie, "Yuaja, Mama." Usichoke kumwambia.

Ndugu yako mdogo,
Komora

Garsen, 15 Machi 1956

Ndugu yangu,

Hali zetu ni zile zile. Usiache kazi kwa ajili ya neno.

Nilimpeleka hospitali ya Ngao. Dresa, yule msaidizi wa daktari, alimwambia, mikono yake kaiweka nyuma asimwonyeshe kwa ishara, "Mama, shika pua." Mama akatabasamu: "Komora." Dresa akashika pua yake mwenyewe, na Mama akashika yake. Akanieleza: sikio zima, ulimi mzima, palipoumia ni ndani ya kichwa, pale sauti inapogeuka maneno. Anatusikia kama mimi nisikiavyo Wasomali wakipita kwenye lori: watu wanazungumza, basi. Na akitafuta neno, kichwa kinampa lile lile. Ukimwanzishia moja, mbili, anafika kumi bila kukwama. Akitaka maandazi mawili, hiyo mbili haipati.

Basi nimehesabu. Siku moja ameita mara arubaini na tatu. Nikasikiliza sauti, nikatazama macho. Komora mfupi ni maji. Anayevutwa mwishoni ni choo. Wa puani ni moshi umemzidi. Nimepata Komora kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliye wewe. Hakuiti, Komora. Anaita maji.

Dada yako,
Mwanaarusi

Garsen, 20 Juni 1956

Ndugu yangu Komora,

U mzima? Miezi mitatu sijapata hata mstari, na kila dereva avukaye kutoka huko namuuliza. Najua nilichokuandikia. Niliandika kwa uchungu, lakini hesabu ilikuwa ya kweli.

Jana Mama aliita kwa sauti nisiyoijua. Nikampa maji, akageuza uso. Nikamfunika, nikamfunua, nikamtoa uani, nikazima moto. Yote kumi na moja niliyamaliza. Akaita tena, polepole. Akanishika shavu kwa ule mkono wake mzima, akanitazama sana, akatikisa kichwa. Kisha akageukia mlango, na hapo alikaa hadi chai ikapoa.

Huyo wa kumi na mbili mimi sina cha kumpa. Njoo.

Dada yako,
Mwanaarusi