Wakili Anataka Niape Kwamba Umekufa

Mpendwa Baba Achieng',

Wiki iliyopita ulitokea gazetini. Usijivune, haukuwa ukurasa wa mbele. Ulikuwa chini kabisa, katikati ya tangazo la mnada wa trekta na la mtu aliyepoteza hati ya shamba. Majina yako yote matatu yalikuwa kwa herufi kubwa, halafu Kiingereza cha mahakama kikisema kwamba yeyote anayejua uliko ajitokeze, na wewe mwenyewe ukisoma ujitokeze pia. Aliyetoa tangazo hilo ni wakili wangu. Ndiyo, nina wakili, mimi niliyekuwa nikitetemeka kuingia ofisi ya chifu.

Lakini wewe hukuwa mtu wa magazeti, na Kiingereza chako kilikuwa cha salamu tu. Kwa hiyo nimeona nikuandikie tangazo langu mwenyewe, kwa Kiswahili, lugha tuliyooana nayo. Atakayelisoma na alisome. Hapa bichi watu wameshasema mengi juu yetu, langu moja halitawazidishia mzigo.

Unakumbuka soko la Rongo? Mimi nilikuwa nimeshuka na ndizi kutoka kwetu Ntimaru, wewe umekaa na beseni la samaki umenizibia njia. Ulinisemesha kwa Kijaluo, nikakujibu kwa Kikuria, tena si jibu zuri. Ukacheka. "Sasa sisi tutagombana na lugha gani?" ukaniuliza kwa Kiswahili. Tuligombana kwa Kiswahili, tukapatana kwa Kiswahili, na tulipooana tukaendelea nacho hivyo hivyo, chako kikichechemea huku na changu kule. Ndugu zako waliniita Nyar Kuria, kwamba mimi ni binti wa Wakuria, yaani mgeni. Wewe peke yako uliniita Nyar Ntimaru, ukilitaja jina la kwetu utadhani ni mji mkubwa wenye taa barabarani. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniita hivyo, mpaka leo.

Kila siku ukitoka safari ya kwanza ya kuvusha abiria visiwani, kwa boti ya mtu, ulifika nyumbani saa nne. Hukupitia mlangoni kama watu. Ulizunguka nyuma, upande wa maji, na kabla sijakuona nilikusikia: "Nyar Ntimaru, chai iko?" Nami nilikuwa nakujibu kwa ukali, "Kwani ilienda wapi?" Tulidhani tutazeeka na maneno hayo.

Siku ile uliwashusha abiria Sori ukageuza boti urudi peke yako. Waliokuona ukiondoka walisema ziwa lilikuwa limelala. Hukufika. Tulikutafuta siku tisa, mitumbwi ikizunguka mpaka upande wa Tanzania, na hakikupatikana kitu, hata ubao, hata dumu la petroli, hata kandambili yako moja. Wavuvi waliniambia ziwa huwa linarudisha angalau kitu kidogo. Safari hiyo lilikataa na vyote.

Mwenye boti hakusubiri hata siku hizo tisa ziishe. Alienda polisi akaandikisha kwamba umetoroka na boti yake na injini mpya, umeiuza ng'ambo na una mke mwingine huko. Faili likafunguliwa, na jina lako likaandikwa mshukiwa. Wewe uliyerudi na boti mara moja ukiwa na homa ya kutetemeka, kwa sababu ulisema mali ya mtu hailali ugenini! Nilimfuata nikamwambia ukweli wake mbele ya watu wote wa mizani ya samaki. Aliangalia simu yake tu.

Ndipo watu wa kwenu wakasema uzikwe. Mimi sikuwa nimewahi kuona jambo kama lile. Walikwenda wakaangua yago, lile tunda refu, zito, gumu, wakalifunga kwa shuka lako la samawati na kulilaza kaburini mahali pako. Mama yako alinieleza kwamba aliyepotea majini akikosa kuzikwa hatulii, na yago linashika nafasi ya mwili. Shangazi yako akanisukuma taratibu: "Muage, Nyar Kuria. Sema kwaheri." Nikaliangalia lile shuka. Nilijua kilichokuwa ndani, nilikuwa nimekiona kikitunguliwa mtini juzi yake. Sikufungua mdomo. Mwenye boti aliposikia akacheka hadharani: "Wamezika tunda ndio wafiche mwizi."

Wiki mbili baada ya hapo nilikuwa nyuma ya nyumba nageuza omena kwenye nyavu, jua kali, saa nne.

"Nyar Ntimaru, chai iko?"

Baba Achieng', haikuwa ndoto, nilikuwa na samaki mikononi. Niligeuka upande wa maji na hapakuwa na mtu, mchanga mtupu hauna hata alama ya mguu. Nilikimbilia kwa mama yako. Aliacha kupepeta, akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo. "Nyathina, mwanangu, usijibu. Akiita mara mia, usijibu. Ukijibu utamfuata."

Sikujibu. Uliita tena mwezi uliofuata, halafu ikawa kila baada ya siku chache, daima saa nne, daima kutoka upande wa maji. Uliwahi kuniita nikiwa soko la Kosele, mbali kabisa na ziwa, katikati ya kelele za watu wa mitumba, na mteja wangu akaniuliza kwa nini nimemwaga omena. Nilijiambia ni majonzi. Nilijiambia hivyo mpaka siku nilipoingia jikoni nikamkuta Achieng', wakati huo ana miaka kumi, amewasha jiko na kuteleka sufuria bila kutumwa. Nikamuuliza anapika nini.

"Si baba ameuliza chai?"

Nilizima jiko. Nilimchapa kofi dogo la mkono, kisha nikamkumbatia, tukalia wote wawili, na yeye hakujua analilia nini. Tangu siku hiyo hatukulizungumza tena kwa miaka.

Sasa amekuwa mkubwa, mrefu, ana paji lako la uso. Mwaka huu wasichana walimsukuma kwenye foleni ya maji shuleni wakimwambia mtoto wa mwizi wa boti asitangulie. Alikuja nyumbani hajanuna hata kidogo, na hilo ndilo lililoniogopesha. Akaniambia, "Mama, tafuta lawyer. Mimi nimechoka."

Nilianza Migori mjini. Wakili wa kwanza alikuwa kijana mpole, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema yeye ni wa kesi za mashamba. "Mama, hii yako iko na maji, iko na boti, na iko na file ya polisi. Tafuta mtu anajua hizo njia." Akanielekeza Homa Bay, kwa Wakili Moraa, mwanamke wa makamo mwenye ofisi juu ya duka la mbegu. Huyo ungempenda. Aliniuliza maswali ambayo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Je, boti ilikuwa imesajiliwa? Nani alikagua injini? Ulikuwa na jaketi la kuelea? Nani alikuona mara ya mwisho, na anaitwa nani? Kwa mara ya kwanza mtu aliyesoma aliandika habari zako kama mtu aliyepatwa na jambo, siyo mtu aliyelifanya. Nilitoka pale nikatembea hadi stendi bila kuhisi miguu.

Alinieleza kwamba sheria inasubiri miaka saba. Ikipita bila wa kwako kupata dalili yoyote kwamba uko hai, mahakama inaweza kusema umekufa. "Nikipata hiyo amri naenda nayo polisi, naomba file ya wizi ifungwe," alisema. "Na Achieng' atakuwa na karatasi ya kuonyesha mtu yeyote." Miaka saba ilikuwa imeshapita. Kilichobaki kilikuwa hati yangu ya kiapo.

Aliniandalia. Akanisomea aya moja baada ya nyingine, akinifasiria kwa Kiswahili, nami naitikia. Akafika mahali panaposema kwamba mimi, mkeo, sijapata ishara yoyote kutoka kwako tangu siku ile, na kwamba naamini kwa moyo wangu wote umekufa. Kalamu nilikuwa nimeshaishika. Nikaiweka chini.

"Mama Achieng', kuna shida?"

"Siwezi kuapa hapo."

"Alikupigia simu?"

"Hapana."

"Alituma mtu?"

"Hapana. Huwa anauliza chai."

Nilimweleza yote. Hakucheka. Alivua miwani akaifuta. Kisha akaniuliza swali la kiwakili kabisa: "Na wewe ukimjibu anasemaje?"

"Sijawahi kumjibu. Nilikatazwa."

"Sikia mama. Mimi siwezi kukuandikia kitu huamini, hiyo ni uongo mbele ya jaji, na wakili wa mwenye boti ataivuta mpaka itoke. Nenda nyumbani. Ukiamini, rudi uweke sahihi. Usipoamini, pia rudi, tutajua la kufanya."

Nilirudi nyumbani na hasira. Nilikukasirikia wewe. Miaka yote hiyo unaita, na huji, na huachi. Jumamosi niliamka nikasema liwe litakalokuwa. Nilimtuma Achieng' kwa mama yako ili asiwepo. Nikapika chai ya maziwa, nyingi, na tangawizi unavyopenda, nikaweka kikombe juu ya kigoda nyuma ya nyumba na kukaa kando yake.

Saa nne uliita.

"Ipo," nikajibu kwa sauti. "Njoo unywe."

Nilisubiri kufuatwa, kuvutwa, kufa, sijui nini. Kisha sauti yako ikaja tena, pale pale, kwa maneno yale yale, kwa uchovu ule ule wa mtu aliyetoka kazini: "Nyar Ntimaru, chai iko?" Nikajibu tena. Ukauliza tena. Nikasimama, nikaenda mpaka ukingoni, maji yananifika magotini, nikapiga kelele kama mwendawazimu kwamba chai ipo, ipo, imeshapoa, njoo. Nawe ukauliza vilevile, bila haraka, kana kwamba hakuna mtu aliyesema neno.

Ndipo nilipojua hunisikii. Hujawahi kunisikia. Miaka yote hiyo niliyokunyamazia nikiona uchungu, nikidhani unaumia kwa kimya changu, kumbe hata ningepiga kelele ni sawa tu. Mtu aliye hai angesikia, Baba Achieng'. Mtu aliye hai, na hasa wewe na chai, angekuja. Nilikaa mchangani nikalia jinsi nilivyopaswa kulia siku ya yago, na nikasema ile kwaheri niliyoikataa.

Jumatatu nilikwenda Homa Bay nikaweka sahihi. Wakili Moraa alinimiminia maji.

Mama yako bado anaogopa kwamba nitakufuata, ananichungulia kila asubuhi. Mwambie, kama una namna ya kumwambia, kwamba niko mzima. Achieng' nimemweleza kila kitu. Alikumbuka sufuria ile, alikuwa anakumbuka siku zote. Mimi nakuandikia kwa sababu kama husikii, labda utasoma, na sitaki ulijue jambo hili kutoka kwenye gazeti.

Kesi ni Alhamisi saa tatu. Jina lako litaitwa kwa sauti koridoni mara tatu, ndivyo wanavyofanya, na hakuna mtu atakayeitika. Kisha jaji atauliza kama kuna mwenye pingamizi. Nimeapa, na niliapa kweli. Lakini najijua, nitageuka niangalie mlango.

Mkeo mpaka Alhamisi,
Mama Achieng'