Dizeli, Wala Usione Haya

Mjukuu wangu Swaleh,

Nakusalimu huko Mombasa, wewe, mkeo na vitukuu vyangu. Sisi Kismayo tu wazima, ila goti langu limeanza kiburi.

Waniuliza gari la familia liwe la petroli au dizeli, na waniambia shemeji yako asema dizeli ni ya malori. Siku nilipoolewa, wakwe walileta kisiwani kwetu Koyama boti ya petroli, yenye mbio, inichukue mimi na wanawake watatu. Kwetu bibi harusi husindikizwa na ukoo mzima. Nikakaa mchangani. "Hapa hasalii mchu," nikawaambia, yaani habaki mtu hata mmoja nyuma. Mjomba akatoa mashua yake ya dizeli, ikapakia shangazi zangu wote, magodoro na masufuria, ikatufikisha Kismayo polepole bila kuzimika. Boti yao ilishafika zamani, tupu.

"Mmechelewa," akasema mama mkwe.

"Basi mngeanza bila mimi."

Bibi harusi hatakiwi kusema. Mimi nilisema.

Ukienda sokoni peke yako, petroli yatosha. Lakini wewe wabeba watoto, wakwe, na mimi nikija na magunia yangu. Nunua dizeli. Shemeji yako akiona haya, na apande teksi.

Nyanya yako,
Mwanaesha