Dawa ya Jumapili na Maziwa ya Baba

Baba yangu,

Shikamoo. Mpe na Mama shikamoo yake. Mguu wake uliochomwa na mwiba umepona, au bado anachechemea na kusema si kitu? Tumesikia mvua imenyesha mpaka Morotonga, sijui kama na huko kwetu Busawe imefika. Sisi hapa Mwanza kwa Shangazi tu wazima. Bibi ndiye mzima kutushinda wote. Juzi amemfukuza kuku wa jirani mpaka barabarani, halafu akarudi anajisifu.

Naandika kwa sababu kwenye simu siwezi. Wewe ukipokea simu unaweka spika, na hapo amekaa Mama, amekaa Baba Mdogo, na wageni wa kunywa chai, na mimi nikisikia pumzi za watu wote hao sauti inaniisha. Ndiyo maana huwa nasema "hatujambo" na kumpa Shangazi simu. Barua hii nampa Mwalimu jirani yetu, alikuja huku kwenye semina na anarudi Jumatano. Naomba uisome peke yako kwanza.

Nianze na lililo zuri: dawa ya mifupa ya Bibi inafanya kazi. Ijumaa tulikwenda kuchukua majibu. Daktari aliweka karatasi mbili mezani, ya damu iliyopimwa mwezi wa pili na ya damu ya juzi, akasema, "Imeshuka. Imeshuka sana." Mimi nikamtafsiria Bibi kwa Kingoreme, na Bibi akashika kichwa.

"Imeshuka! Basi nakufa," akasema. "Mwambie anipe ruhusa nikafie kwangu."

Daktari alipoona anasimama akauliza kuna nini, nikamweleza. Akacheka mpaka akavua miwani. Akasema mifupa kila siku inabomolewa kidogo na kujengwa kidogo, na ya Bibi ilikuwa inabomolewa haraka kuliko inavyojengwa. Kipimo kile cha damu kinaonyesha kasi ya kubomoa. Hicho ndicho kinachotakiwa kushuka. Bibi akakaa tena, akasema, "Angeanza na hilo." Wakampima na kimo, hajapungua hata kidogo tangu tulipofika. Mashine ile ya kulala chali, inayopima uzito wa mifupa, atarudia mwakani, maana mfupa hujijaza polepole na ukiharakisha kupima huoni kitu. Lakini kwa sasa ameruhusiwa kurudi nyumbani na kuendelea na vidonge vyake. Tunakuja shule ikifungwa.

Sasa lile gumu.

Baba, unakumbuka Bibi alipoteleza jikoni akavunjika mkono, tukapewa vile vidonge vya mara moja kwa wiki. Mhudumu aliyetupa alisema ni dawa ya mifupa, na akasema Bibi anywe maziwa kwa wingi kwa sababu yanatia mifupa nguvu. Alisema yote mawili kwa pumzi moja. Sisi tukayaunganisha. Ukasema mama yako hawezi kumeza dawa ya mifupa kwa maji matupu wakati ng'ombe wapo. Kila Jumapili kabla ya kanisa ukawa unamletea kibuyu mwenyewe, hukumtuma mtu. Mimi namtolea kidonge, wewe unammiminia maziwa, Bibi anameza na kukubariki, halafu anajilaza tena kidogo. Mwaka mzima hatukuruka Jumapili hata moja. Nilikuwa naipenda saa ile, kwa sababu ndipo ulipokuwa unakaa na sisi bila haraka.

Mwezi wa kwanza tulipokuja huku, mimi kuanza kidato cha tatu na Bibi kupimwa upya, nilisoma ile karatasi iliyo ndani ya boksi la dawa. Imeandikwa kwa Kiingereza, kwa maandishi madogo kama ya mchwa. Nilikuwa kwenye basi, sina la kufanya. Inasema kidonge kimezwe asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji ya kawaida, na si kwa maziwa, wala chai, wala uji. Kisha mtu asilale na asile kitu mpaka nusu saa ipite. Maziwa yanakikamata kidonge tumboni, hakiingii kwenye damu, kinatoka kama kilivyoingia. Nilisoma mara tatu. Nikaikunja nikaiweka ndani ya daftari la Kemia, na sikusema.

Mashine ikaonyesha mifupa ya Bibi imezidi kupungua. Daktari akauliza, "Anakunywa dawa kila wiki?" Nikatafsiri, Bibi akajibu ndiyo, hajaruka. Akauliza, "Anameza na nini?"

Nikatafsiri hilo pia. Bibi akajiweka sawa kwenye kiti, akasema kwa Kingoreme, taratibu, "Na maziwa. Mwambie mwanangu wa kwanza ananiletea kwa mkono wake. Mwambie ni ng'ombe wake mwenyewe."

Na mimi, Baba, nikamgeukia daktari nikasema, "Anasema, na maji."

Sijui kwa nini. Yaani najua. Niliona aibu kuonekana tumetoka porini, na niliona kama nikisema maziwa nakuwa nimekutaja wewe. Bibi alikuwa ananitazama anatabasamu, anadhani nimefikisha sifa zako.

Daktari akaandika kwamba kidonge kimeshindwa. Akasema wiki ijayo atamwekea dawa nyingine, ya dripu, inayotolewa mara moja kwa mwaka, ila Bibi abaki Mwanza awe karibu na hospitali. Bibi akasikia hilo la kubaki. Kufika kwa Shangazi akaanza kukunja nguo zake, anazifungua, anazikunja tena. Wiki nzima alikula vijiko viwili vitatu na kusema ameshiba. Nilijua ni mimi.

Siku ya dripu, muuguzi ameshamfunga Bibi mpira mkononi anatafuta mshipa, nikasema, "Subiri kwanza." Nilisema kwa sauti ndogo, hakusikia. Nikasema tena, nikasikika mpaka kwenye korido. Daktari akaja. Nikamweleza yote, karatasi, kibuyu, na uongo wangu, macho yangu kwenye viatu vyake.

Hakunigombeza. Akasema, "Binti, ningemhesabu Bibi kuwa dawa imemkataa, kumbe dawa haijamwingia hata siku moja." Akamfungua mpira. Akasema tuanze upya kwa maji, damu ipimwe siku hiyo na ipimwe tena baada ya miezi sita. Damu itatuambia mapema kuliko mashine.

Kisha ikabidi nimtafsirie Bibi. Akaniuliza, "Kwa hiyo ng'ombe wa mwanangu ndio wachawi?" Shangazi, aliyekuwa ametusindikiza, akajificha nyuma ya mkoba akicheka. Nikamwambia hapana, maziwa ni mazuri, mchana na jioni anywe anavyotaka na mifupa inayahitaji, ila yasikutane na kidonge. Akasema, "Huwezi kumwambia mtu anayekuletea maziwa aketi nayo angoje." Lakini akakubali.

Sasa kila Jumapili anameza kwa maji, halafu anakaa kwenye kiti cha mbao nusu saa, wima kama hakimu, nami nakaa naye asilale. Ananihadithia mambo. Amenieleza ulivyokuwa unaogopa bata. Sikujua, Baba. Nimecheka.

Nilimwomba akwambie mwenyewe habari ya maziwa. Akakataa. "Mimi nimwambie mwanangu alichonipa hakikufaa? Utasema wewe. Wewe ndiye unayejua kusoma." Ndiyo maana naandika. Kwa sababu najua tukifika utakuwa umesimama na kibuyu, na yeye hawezi kukukatalia, atayanywa maziwa papo hapo pamoja na kidonge, na yote yataanza kurudi nyuma.

Hukukosea, Baba. Sote tulisikia tulivyosikia. Aliyekosea kwa kujua ni mimi, na naomba unisamehe.

Msalimie sana Mama, na Baba Mdogo Marwa, mwambie daftari la kwaya aliloniagiza nimelipata. Mama Mdogo Wegesa mpe pole ya kuuguza. Mwambie mdogo wangu Robi nimemwekea kalamu za rangi, asiguse sanduku langu.

Kama umekasirika, mpigie Shangazi umwambie kabla hatujasafiri. Kwenye basi nitakuwa nimekaa na Bibi, ubavu kwa ubavu, na akiniona nalia ataniuliza kwa nini, na yeye siwezi kumtafsiria vibaya tena.

Ni mimi binti yako mtiifu,
Nyangi